UZI: Nani atasoma huzuni zetu? Kutoka Mathari hadi Milimani

1/ Msimu wa siasa ukifika, lazima mtu asimame jukwaani aseme vijana wetu wanaumia kimoyomoyo na dawa iko kwenye teknolojia. Akili unde, ile watu wanaita AI, ifungwe kwenye mitandao, isome posti za watu, igundue nani ana msongo wa mawazo kabla hajajidhuru. Makofi. Upande wa pili unajibu kwamba huo ni ujasusi uliovaa koti la daktari. Makofi tena. Tunatusiana hadi usiku wa manane, kesho tunaamka na mada nyingine.

2/ Kama kawaida ya hapa, sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tu kuwaonyesha kwamba mjadala huu si mgeni Nairobi. Huu mji umekuwa ukipima akili za watu wake kwa zaidi ya miaka 100, na kila mara yaliyoamua nani anasaidika na nani anaumizwa ni maswali matatu. Nani anasoma? Anasoma kwa lugha ya nani? Na akishakusoma, unapelekwa wapi? Shikeni hayo matatu, tutayahitaji njia nzima.

3/ Kwanza tuelewe mashine yenyewe. Haisomi mawazo ya mtu. Watafiti wanachukua posti za watu ambao tayari wanajulikana wana unyogovu, pengine kwa cheti cha daktari au kwa hojaji, na posti za watu ambao hawana. Kompyuta inatafuta tofauti: maneno gani, saa ngapi za usiku, unaongea na watu wangapi. Halafu inapewa mtu mpya na kuulizwa, huyu anafanana na kundi lipi? Jibu linakuja kama alama. Ni makisio, basi.

4/ Kazi hii ilianza kuvuma mwaka 2013, Munmun De Choudhury na wenzake wa Microsoft walipochunguza watumiaji 476 wa Twitter. Mfumo wao ulipatia kwa takriban asilimia 70. Mwaka 2018 watafiti wengine wa Marekani walichukua wagonjwa 683 waliokubali kutoa posti zao za Facebook pamoja na rekodi zao za hospitali. Maandishi yalionyesha dalili hadi miezi 3 kabla ya daktari kuandika ugonjwa kwenye faili. Kwa hivyo anayesema hii teknolojia ni uongo mtupu, hapana. Kuna kitu pale.

5/ Lakini asilimia 70 ni kitu gani mtaani? Tupige hesabu, huu ni mfano wangu tu. Chukua watu 1,000 wanaoshuka Kencom asubuhi. Tuseme 100 kati yao wana unyogovu kweli. Mashine inayopatia asilimia 70 kila upande itawanasa 70 na kuwaacha 30. Lakini pia itawanyooshea kidole 270 kati ya wale 900 wazima. Jumla ya walioonyeshwa ni 340, na 270 hawana lolote. Kama mwisho wa safari ni ujumbe wa "uko salama?", hakuna neno. Kama mwisho ni gari la polisi, hapo kuna shida kubwa.

6/ Sasa turudi nyuma. Mwaka 1910, serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya vichaa ya Nairobi, mahali palipokuwa pametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Mpaka leo ukikosana na mtu kwa stage atakuambia urudishwe Mathare. Hilo tusi lina umri mkubwa kuliko Kenya huru. Na ona mwanzo wake: nyumba ya kuwatenga watu wenye ugonjwa wa kuambukiza ikageuzwa nyumba ya kuwatenga watu wenye akili iliyoumwa. Kutenga kulitangulia, matibabu yakafuata baadaye.

7/ Mwaka 1938 Mathari ilikabidhiwa daktari anayeitwa J. C. Carothers. Alipopewa hiyo kazi hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa mpaka 1950. Kwa hiyo miaka yote, karibu kila alichoona kuhusu akili ya Mwafrika alikiona kwa wale waliofikishwa kwenye lango lake, na wengi wa hao waliletwa kwa sababu walisumbua watu: walipigana, walitembea uchi, walichoma nyumba. Mama aliyelia peke yake jikoni miaka 3 hakuletwa. Hakuwa amemsumbua mzungu yeyote.

8/ Na hitimisho lake? Kwamba unyogovu ni nadra kwa Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Ndani yake alifananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Soma tena hiyo sentensi polepole. Haikuandikwa kwenye gazeti la walowezi. Ilibeba nembo ya shirika la dunia nzima, na ikasomeshwa.

9/ Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikamuomba aeleze Mau Mau. Akaandika kijitabu kilichopigwa chapa hapa Nairobi, akiwaeleza wapiganaji kama watu waliochanganyikiwa na mabadiliko ya dunia, na akaunga mkono kuwakusanya watu kwenye vijiji vya kulazimishwa. Suala la mashamba likageuka suala la vichwa vya watu. Mnaona hatari? Mwenye kipimo cha akili akikaa karibu sana na mwenye bunduki, malalamiko ya wananchi yanaweza kuandikwa kama ugonjwa.

10/ Halafu ajabu ikatokea. Nchi zikapata uhuru, na ghafla ripoti za unyogovu Afrika zikawa nyingi. Mwaka 1968 daktari Raymond Prince akauliza waziwazi: je, Waafrika ndio wamebadilika, au ni madaktari waliobadilisha miwani? Mwaka 1979, Orley na Wing wakachapisha uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda. Walikwenda mpaka vijijini, wakauliza watu kwa lugha yao. Unyogovu waliokuta ulikuwa mwingi kuliko ule wa wanawake wa mtaa mmoja wa kusini mwa London. Huzuni ilikuwepo muda wote. Aliyekuwa anasoma ndiye hakuwa ameuliza.

11/ Kwa hivyo swali la kwanza na la pili lina historia. Sasa la tatu, unapelekwa wapi. Sheria ya jinai tuliyorithi kutoka kwa mkoloni ilikuwa na kifungu cha 226: anayejaribu kujiua ametenda kosa, na anaweza kufungwa hadi miaka 2, kutozwa faini, au vyote viwili. Uingereza wenyewe walifuta kosa hilo mwaka 1961. Sisi tukapata uhuru 1963 tukiwa tumebeba sheria ambayo wenyewe walishaitupa, na tukaitunza kwa zaidi ya miaka 60.

12/ Tafsiri yake mtaani: ukimpata jirani amekunywa dawa ya panya, ukiita msaada, anaweza kutoka wodini akiwa na pingu. Kwa hivyo familia zilinyamaza. "Aliugua tumbo." "Alianguka." Watu walificha kwa sababu kuonekana kulikuwa hatari kuliko kutoonekana. Muweke hapo akilini, kwa sababu mashine ya kugundua huzuni ni mashine ya kuwafanya watu waonekane.

13/ Tuhamie Ngong Road. Machafuko ya baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008 yalizaa Ushahidi, ramani ya mtandaoni ambapo wananchi walituma ripoti za mahali kuna vurugu. Mwaka 2010 iHub ikafunguliwa pale pale Ngong Road. Kuelekea uchaguzi wa 2013, iHub na Ushahidi wakaanzisha mradi wa Umati wa kufuatilia matamshi ya chuki mitandaoni: kwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha kadhaa za jamii zetu.

14/ Umati walifanyaje? Waliweka watu. Vijana wanaojua hizo lugha walikaa na kusoma posti moja moja, kwa sababu kompyuta ya wakati huo haikuweza kujua kama neno la Kikuyu au la Kijaluo ni utani, methali au tishio. Hilo ndilo somo ambalo wanasiasa wetu wanaliruka kila wanapoahidi mashine. Nairobi ilishajaribu kusoma hisia za watu mtandaoni, na ikagundua kwamba kazi ngumu ni lugha. Kompyuta ilikuja baadaye, kujaribu kuwasaidia wasomaji.

15/ Uingereza nao walijaribu. Oktoba 2014, shirika la Samaritans, linalosaidia watu wenye mawazo ya kujiua, lilizindua programu iliyokuwa inasoma tweet za watu unaowafuata na kukutumia taarifa ikihisi fulani yuko vibaya. Aliyesomwa hakuambiwa. Watu wakauliza: je, kama anayepewa taarifa ni mume anayenipiga, au yule wa kazini anayenitafutia sababu? Siku 9 tu, programu ikasimamishwa. Nia ilikuwa njema. Taarifa ndiyo ilienda kwa mtu ambaye mgonjwa hakumchagua.

16/ Mwaka 2017 Facebook wakaanza Marekani, na Novemba mwaka huo wakatangaza kuipeleka dunia nzima, isipokuwa nchi za Umoja wa Ulaya ambako sheria za faragha ni kali. Mashine inasoma posti na video, ikihisi hatari ya kujiua inampelekea mfanyakazi aangalie, na ikibidi wanaitwa watu wa dharura wa eneo hilo. Walisema kwa mwezi mmoja tu walishirikiana na watu wa dharura zaidi ya mara 100.

17/ Sasa unganisha nukta. Ulaya ilikuwa nje. Kenya ilikuwa kwenye hiyo "dunia nzima". Na kwa Kenya ya 2017, mtu wa dharura anayeweza kuitwa mara nyingi ni polisi, na polisi huyo ana kifungu cha 226 mfukoni. Sisemi najua Mkenya aliyeshtakiwa kwa njia hiyo. Nasema mfumo uliundwa ukidhani kwamba anayepigiwa simu anakuja na blanketi. Aliyeuunda hakulazimika kufikiria nchi ambako anakuja na hati ya mashtaka.

18/ Turudi kwenye lugha, maana hapa ndipo wengi wanalala. Moja ya dalili maarufu kwenye utafiti wa Marekani ni neno "mimi". Mwaka 2004 watafiti waliwaandikisha insha wanafunzi wa chuo, wakaona wenye unyogovu hutumia kwa wingi neno la Kiingereza la "mimi". Mtu aliyezama hujizungumzia. Tangu hapo programu nyingi zimejengwa zikihesabu neno hilo.

19/ Haya, tujaribu nyumbani. "Sijalala siku tatu. Nimechoka. Hakuna mtu ananielewa." Mtu amejitaja mara 3 hapo. Neno "mimi" limetokea mara ngapi? Sufuri. Kwa Kiswahili nafsi inakaa ndani ya kitenzi: si-, ni-, -ni-. Programu ya kuhesabu maneno itampita huyu ndugu kama matatu iliyojaa. Mifumo ya sasa ni mijanja zaidi, haihesabu neno moja moja, lakini nayo hujua tu kile ilicholishwa, na ililishwa Kiingereza kingi sana.

20/ Na hata Kiingereza chenyewe si kimoja. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilinganisha posti za Facebook za Wamarekani 868, nusu weusi na nusu weupe. Ile dalili ya "mimi" ilifanya kazi kwa weupe. Kwa weusi, haikuonyesha kitu. Ni nchi moja, mtandao mmoja, ugonjwa mmoja, na kipimo bado kikawaacha weusi nje. Carothers angekuwa hai angesema, si niliwaambia unyogovu kwao ni nadra? Hapana mzee. Ni kipimo.

21/ Sasa fikiria sisi. Mimi hukaa Kangemi, na ningependa kuona mashine itafanya nini na timeline yangu. Mtu akiandika "nimekufa" na emoji tatu za kucheka, ni mzima kabisa, ameona meme. "Hii Kenya itaniua" ni salamu ya asubuhi. Lakini yule anayeulizwa "mambo?" akajibu "niko tu", huyo ndiye wa kupigiwa simu. "Tunasukuma tu." "Niombeeni." "Mungu ndiye anajua." Kuna mama atasema kichwa kinamuuma, moyo unaenda mbio, anafikiria sana, na hatataja huzuni hata siku moja. Mkenya hucheka kwa sauti na kulia kwa fumbo.

22/ Wapo waliojaribu kujenga cha kwetu. Mwaka 2020 shirika la Basic Needs Basic Rights Kenya lilishirikiana na Zindi, jukwaa la mashindano ya wataalamu wa data wa Afrika, wakaweka wazi maandishi ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya kuhusu yanayowasumbua. Washindani walitakiwa kuunda mfumo wa kuyapanga: unyogovu, mawazo ya kujiua, pombe, dawa za kulevya. Maandishi yalikuwa machache. Lakini tofauti na ya Facebook iko wazi: wanafunzi waliulizwa, wakajibu, wakijua wanajibu swali la nani. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia.

23/ Kuna upande mwingine ambao kwenye mijadala hautajwi kabisa. Mashine haijui kujiua ni nini mpaka binadamu aiwekee alama: hii ni hatari, hii si hatari. Na sehemu kubwa ya hao binadamu walikuwa hapa hapa Nairobi. Kuanzia 2019 kampuni ya Sama iliajiri wakaguzi wa maudhui ya Facebook kwa nchi nyingi za Afrika. Januari 2023 jarida la TIME likaripoti kwamba wafanyakazi wa Sama waliisaidia pia OpenAI, kwa kusoma na kupanga maandishi ya kutisha ili ChatGPT ijue kuyaepuka, yakiwemo ya kujiua na kujidhuru. Malipo waliyopeleka nyumbani yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa.

24/ Mei 2022 mkaguzi wa zamani, Daniel Motaung, alizishtaki Meta na Sama mahakamani Nairobi. Mwaka uliofuata wakaguzi wengine 184 wakaenda kortini baada ya kuachishwa kazi. Mei Mosi 2023, zaidi ya 150 walikutana hotelini Mövenpick, Westlands, wakapiga kura kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya.

25/ Desemba 2024 ripoti za daktari zikawekwa mbele ya korti. Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili Hospitali ya Kenyatta, aliwapima wakaguzi zaidi ya 140. Aliwapata na PTSD, lile jeraha la akili linaloachwa na mambo ya kutisha. Kampuni zimepinga madai ya kesi hizo, na korti ndiyo itaamua nani alaumiwe. Lakini hebu simama hapo. Watu waliokaa wakiifundisha dunia jinsi ya kutambua mateso waligunduliwa na daktari wa Upper Hill, uso kwa uso, kwa sababu mawakili walimwita. Hakuna mashine iliyowagundua.

26/ Na data yenyewe? Hapa Nairobi tuna uzoefu. Programu za mikopo ya simu ziliingia zikisema zinatusaidia, zikachukua namba za jamaa zetu, ukichelewa kulipa wanampigia mama mkwe. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza faini kampuni moja ya mikopo hiyo, klabu moja ya Ngong Road iliyoweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa, na shule moja ya Uthiru iliyoanika picha za watoto. Mwezi mmoja kabla, watu walikuwa wamepiga foleni KICC wakachwe picha ya mboni za macho na Worldcoin kwa takriban shilingi 7,000. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru hizo data zifutwe.

27/ Sheria ya kulinda data ya 2019 iko wazi kiasi. Hali ya afya ni data nyeti. Na kifungu cha 35 kinakupa haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake. Kwa hivyo mtu akikuambia "posti zako ni za wazi, hakuna shida", mjibu hivi: posti ni ya wazi, lakini ukishaipitisha kwenye mashine ikatoka na neno "mgonjwa", umetengeneza data ya afya ambayo mimi sikukupa.

28/ Na hiyo orodha ikishakuwepo, inakaa kwa nani? Baada ya maandamano ya Juni 2024 katikati ya mji, tuliona vijana waliojulikana kwa posti zao wakitoweka. Kufikia Desemba, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji tangu Juni. Kijana anayejua hivyo hawezi kufurahi kusikia kwamba serikali inataka kusoma hisia zake "ili imsaidie". Mwajiri akiipata orodha? Kampuni ya bima? Mpinzani wa kisiasa wakati wa kampeni? Kumbuka 1954.

29/ Nisiwe wa upande mmoja. Kuna hoja nzito ya kutumia hii teknolojia. Vijana husema saa nane za usiku mtandaoni kile ambacho hawatasema mezani kwa baba. Kukiwa na mfumo unaomjibu mwenyewe, faraghani, kwa lugha yake, "naona usiku huu ni mzito, namba ya kupiga hii hapa", halafu haumwandiki popote, mimi sina shida nao. Mfumo unaokujibu na mfumo unaokuripoti vinaweza kutumia kompyuta ile ile. Tofauti ni waya unaotoka nyuma ya mashine unaenda kwa nani.

30/ Pia tusijidanganye kwamba shida yetu ilikuwa kutojua. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ilishaandika kuhusu kutelekezwa kwa afya ya akili nchini. Julai 2020 jopokazi la kitaifa likapendekeza hali hiyo itangazwe janga la kitaifa. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 47, na madaktari bingwa wa akili tulionao ni kama 100 tu. Mashine ikiwagundua watu laki moja kesho asubuhi, foleni inaanzia Kenyatta inaishia wapi, Dagoretti Corner?

31/ Habari njema ipo. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa. Na tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Milimani, alitangaza kifungu cha 226 kuwa kinyume cha katiba, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Akili pamoja na wengine. Alisema kumuadhibu mtu kwa ugonjwa ni ubaguzi na ni kumvunjia heshima. Kwa mtazamo wangu, hukumu hiyo imefanya kazi kubwa kuliko programu yoyote: imepunguza hatari ya kuonekana.

32/ Kwa hivyo mtu akikuletea ahadi ya mashine ya kugundua huzuni, usimpigie makofi na usimzomee. Muulize:
– Imefundishwa kwa maandishi ya nani? Kuna Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Kijaluo, Kikamba ndani?
– Imepimwa hapa Kenya, na inakosea mara ngapi?
– Nimeombwa ruhusa, au nasomwa tu?
– Matokeo yanaenda kwangu, kwa daktari, au kwa polisi?
– Waliosoma na kuweka alama walilipwa ngapi, na nani anawatibu wao?
– Bajeti ya washauri nasaha katika kliniki za Kawangware na Kangemi ni kiasi gani mwaka huu?

33/ Akijibu la mwisho kwa tarakimu, msikilize vizuri hata kama ni wa upande usioupenda. Akijibu kwa kusema mashine ni ya kisasa sana, mwambie asante na uendelee na safari.

34/ Na wewe unayesoma uzi huu ukiwa "niko tu": piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure. Befrienders Kenya pia wapo kwa ajili ya kusikiliza. Kujaribu kujiua si tena kesi ya kukupeleka jela, kwa hivyo usiogope kusema. Ukiwa na rafiki ambaye amenyamaza siku mbili tatu, usingoje kompyuta. Mtumie voice note leo jioni umuulize amekula nini.